Mnene Si Lazima Ameshiba: Historia ya Posho, Miguu na Miili Yetu, Jinja hadi Mbale

Makala ya leo imetoka kwenye kosa letu wenyewe, kwa hiyo acha tuanze na kosa.

Mwaka jana shirika moja lilituomba sisi vijana tunaojitolea tuandike orodha ya familia za wakimbizi wanaoishi Jinja mjini, wapewe unga na mafuta ya kupikia. Mifuko ilikuwa michache, familia nyingi. Tukapita Walukuba nyumba kwa nyumba na daftari letu. Kwa mama mmoja wa kutoka Fizi, anayekaanga chapati pembeni ya barabara, hatukukaa hata dakika tano. Ni mama mnene, mikono imejaa, anacheka na kila mtu. Tukaangaliana, tukapita. Hakuna aliyesema neno lakini wote tuliwaza kitu kimoja: huyu ameshiba.

Wiki mbili baadaye alianguka pale pale kwenye jiko lake. Presha. Kliniki aliyopelekwa wakamwambia apunguze kula. Tulipoenda kumsalimia, akatuuliza bila hasira, "Wanangu, sasa nipunguze kipi? Mimi nakula mara moja, jioni."

Tulikosa la kujibu. Na aibu yetu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu sisi tuliowahi kujitolea kambini tumefundishwa kupima watoto. Unazungusha ule mkanda kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe haraka. Kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano. Juu ya hapo ni kijani. Halafu unabonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, unahesabu kidogo, unaachia. Shimo likibaki, hata kama mkanda umesema kijani, mtoto huyo ni mgonjwa. Yaani tulishaambiwa kwamba mwili uliojaa unaweza kuwa mwili wenye njaa. Kwa watoto tulilijua. Kwa mama wa chapati tukalisahau.

Basi tukaanza kusoma na kuuliza wazee, wa Jinja na wa Mbale ambako wenzetu kadhaa wanaishi. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na mkanda mwingine. Kila mtu wa Jinja anamjua Speke kwa sababu ya Mto Nile. Tarehe 28 Julai 1862 alisimama pale ziwa linapomwagika kuwa mto, akapaita Ripon Falls, kana kwamba Basoga hawakuwa na jina lao. Maporomoko yenyewe siku hizi huyaoni, yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Ila wachache wanajua kwamba kabla ya kufika hapa, Speke alipita Karagwe, upande wa Tanzania ya leo, kwa Mfalme Rumanika, na huko alichukua kipimo akapima wanawake. Wake wa nyumba ya kifalme walikuwa wakinyweshwa maziwa tangu usichana mpaka wengine wanashindwa kusimama vizuri. Mmoja wao mkono wake ulikuwa inchi 23 kuzunguka, kama sentimita 58. Linganisha na ile 11.5 ya mkanda wetu!

Speke aliona ni kituko. Kwa watu wa Karagwe ilikuwa na maana yake. Mwanamke mnene vile alikuwa kama tangazo: ng'ombe wapo, na kuna watu wengine wa kulima, kuchota maji na kubeba mizigo. Unene wake ulikuwa na jasho la mtu mwingine nyuma yake. Na upande wa pili walikuwepo wapagazi wa Speke mwenyewe, watu wa pwani na Wanyamwezi, waliotembea kutoka Bagamoyo na mizigo kichwani. Katika habari zao hatukuona mahali popote mtu amepima mikono yao.

Wapagazi hao walikuwa wanapewa posho. Neno hili ni la Kiswahili, la misafara: ni chakula, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, anachopewa mtu kila siku aendelee kutembea. Sasa angalia kilichotokea Uganda. Hapa ukisema posho, hakuna anayefikiria mgao. Posho ni ugali wa mahindi, basi. Waganda na Basoga walikuwa na matoke, viazi vitamu, ulezi. Ugali wa mahindi waliuona kwenye sahani za watu wa kupewa: wapagazi, askari, wafungwa, vibarua, watoto wa bweni. Chakula kikaitwa kwa jina la namna kilivyofika. Sisi Wakongo tuliozoea kusema bugali tulipofika tulicheka, tukadhani Waganda wamekosea Kiswahili. Kumbe ndani ya kosa hilo wameweka historia nzima.

Na historia hiyo inauma. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu wabebe mizigo ya jeshi wakati wa kuwafukuza Wajerumani. Jina la jeshi hilo la wapagazi limebaki kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara na magonjwa mengine. Watu waliokua kwa ndizi laini au kwa wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka haraka bila kuni za kutosha, baada ya kutembea siku nzima. Matumbo yakakataa. Maofisa wengine waliona watu wa Uganda ni dhaifu kwa asili. Hakuna udhaifu wa asili hapo, ni sufuria.

Huku nyuma, Busoga ilikuwa imechoka tayari. Tangu mwanzo wa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno pande hizi za ziwa, zaidi ya 200,000 ukijumlisha Busoga, visiwa na pwani ya Buganda, na serikali ikawaondoa walionusurika kwenye ardhi nzuri ya ufukweni. Ndiyo, wakimbizi wa ndani, miaka mia moja kabla yetu, hapa hapa. Mwishoni mwa vita, 1918 na 1919, ikaja njaa kubwa. Baada ya hapo mihogo na viazi vitamu vikashika nafasi kubwa mashambani kwa Basoga kwa sababu vinavumilia jua.

Halafu reli na sukari. Reli ilifika Jinja 1928, na daraja la kuvuka Nile kwenda Kampala likakamilika 1931. Katikati ya miaka hiyo, 1930, Muljibhai Madhvani alifungua kiwanda cha sukari Kakira, nje kidogo ya Jinja. Vibarua walitoka mbali: West Nile, Rwanda, Burundi. Walilala kwenye mistari ya nyumba za kampuni na kula posho na maharage. Angalia tena mzani: mkata miwa anakunja mgongo tangu alfajiri, anakula unga na maharage, hawezi kunenepa hata akitaka. Sukari anayoikata inaenda kwenye chai ya karani anayekaa kwenye kiti. Shamba ni moja, na imetoa miili ya aina mbili.

Leo miwa imeingia mpaka karibu na milango ya nyumba Busoga. Mwenye ekari mbili anapanda miwa zote mbili, anasubiri mwaka na nusu, akilipwa anaenda dukani kununua posho. Wauguzi wa huku wanalijua jambo hili vizuri: watoto wana alama za utapiamlo katikati ya kijani kibichi. Ukipita na basi utasema huku kuna chakula tele. Ni majani.

Sasa madaktari, maana hapa ndipo Uganda ilipofundisha dunia nzima. Hugh Trowell alikuwa daktari Kenya tangu 1929, kisha akahamia Mulago, Kampala. Aliona watoto wengi wenye mashavu ya mviringo, miguu imejaa, nywele zimebadilika rangi kuwa nyekundu. Wengine walidhani ni minyoo au kaswende. Wanawake Waganda walikuwa na jina lake zamani, obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Kule Ghana daktari Cicely Williams alisikia watu wa Accra wanauita kwashiorkor, na maana yake inakaribiana kabisa na ya Waganda: ni ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mdogo wake. Mwaka 1935 aliandika kwa jina hilo hilo. Watoto hao walikuwa wanajazwa tumbo kwa ndizi, mihogo au uji mtupu, bila maziwa, bila maharage, bila samaki. Walionekana wanene. Walikuwa wanakufa. Miaka ya 1960 Mulago ikafungua Mwanamugimu, mahali ambapo mama hakupewa dawa ya ajabu, alifundishwa kupika kitobero: matoke au viazi, na karanga au maharage, na mukene kidogo au yai, vyote pamoja kwenye jani la mgomba. Sisi tukiwa kambini tunafundisha akina mama kitu kile kile. Hatukujua kina umri wa babu zetu.

Trowell huyo huyo aliona na jambo la pili. Miaka mingi ya kwanza alikutana na presha mara chache sana kwa Waafrika. Hakuwa peke yake: 1929 daktari Donnison, aliyekuwa Kavirondo Kusini huko Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa kama 1,800 hakuona presha. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake Singh waliripoti kisa kimoja cha Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kisa kimoja tu kilistahili kuchapishwa kwenye jarida la madaktari! Fikiria hilo, halafu fikiria ni watu wangapi kanisani kwenu wanameza dawa ya presha.

Mwenzao Denis Burkitt, aliyeanza kazi Lira 1946, alikuja na jibu lake: makapi ya chakula, yale yanayopita tumboni bila kuyeyuka. Yeye na wenzake walipima hata kinyesi (ndiyo, mmesoma vizuri) wakalinganisha watu wa vijijini Uganda na Waingereza, wakaandika 1972 kwamba cha mwanakijiji ni kingi na kinasafiri haraka, cha Mwingereza ni kidogo na kinachelewa. Kwa kazi hiyo Wazungu wakaanza kutafuta mkate wa ngano isiyokobolewa. Wakati huo huo sisi tukaanza kutafuta unga mweupe. Nenda soko la Jinja leo uulize bei: unga uliokobolewa ukawa mweupe kama chokaa, wenyewe wanaita namba moja, ndio ghali, na ule wenye kiini na ganda ni wa maskini na wa kuku.

Tuwaheshimu madaktari hao, lakini tusiwakubali kwa kila kitu. Walipenda kusema "Mwafrika" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mwili mmoja. Kampala kulikuwa na jibu la hilo mlangoni kwao. Mwaka 1959 Shaper na Jones walilinganisha Waafrika na Wahindi wa mjini: Wahindi walikuwa na mafuta mengi kwenye damu, na wao ugonjwa wa moyo haukuwa mgeni kwao. Mji ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni chakula, na aina ya kazi: huyu yuko nyuma ya kaunta ya duka, yule anabeba magunia kuingiza dukani. Baadaye Shaper alifuatilia vijana Wasamburu wa Kenya walioacha ng'ombe wakaingia jeshini na kulishwa mgao wa jeshi. Miili yao ilibadilika, na presha yao pia. Kabila lao halikubadilika.

Utafiti unaotugusa zaidi sisi wakimbizi ni wa Wajaluo wa Kenya, uliochapishwa 1990 na Poulter na wenzake. Walifuata watu waliotoka kijijini Nyanza kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na waliobaki. Wale wa mjini presha yao ilikuwa juu, na hii haikusubiri miaka ishirini. Ilianza miezi ya mwanzo tu. Uzito ulikuwa umepanda, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi kuliko ya kijijini. Ni kuhama tu. Hao walihama kwa hiari, wakiwa na ndugu mjini na basi la kurudi nyumbani Krismasi. Je, aliyehama usiku kwa miguu?

Tuseme neno kuhusu mahindi kabla hatujaenda mbele, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika wanaosoma ukurasa huu. Mahindi si mabaya. Lakini mahindi matupu ni hatari. Watu wa Amerika ya Kati walioyalima kwanza waliyachemsha na chokaa au majivu, na hivyo vitamini iliyofungwa ndani inafunguka. Sisi tuliletewa mahindi bila maelezo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga kwenye mgao wao, wakabaki na mahindi. Zaidi ya watu 17,000 wakaugua pelagra: ngozi inababuka juani, tumbo linaharisha, akili inayumba. Kitu kilichoondolewa kilikuwa karanga tu. Hapa Uganda mgao wa kambini ulikatwa Aprili 2020 ukabaki asilimia 70, Februari 2021 ukashuka hadi 60, na 2023 watu wakagawanywa makundi matatu, la mwisho halipati kitu. Watu wanapimana kwa macho: yule ana mbuzi, yule mnene, huyu kakonda. Sisi na daftari letu Walukuba tulifanya hivyo hivyo.

Kwa nini jicho letu linasema mnene ni mzima? Kwetu kusema "umenona" ni baraka. Ni salamu. Uganda kuna sababu nyingine tena, ya karibu. Ukimwi ulipoonekana Rakai miaka ya 1980, watu waliuita Slim, na 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilo hilo, kwa sababu mgonjwa alikauka mpaka akaisha. Tangu siku hizo kukonda kukawa habari mbaya. Mzee mmoja wa Mbale alituambia kwamba kaka yake alipopungua kwa sababu ya kazi ngumu ya kubeba kahawa, majirani walianza kumkwepa. Basi mtu anaponenepa mjini hakuna anayemuuliza. Wanampongeza mpaka siku anaanguka.

Sasa tuje kwenye miguu. Septemba 2018 ilichapishwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyolinganisha nchi 168. Waliuliza: ni watu wazima wangapi hawatembezi mwili vya kutosha? Duniani ilikuwa zaidi ya robo. Kuwait, asilimia 67. Uganda, asilimia 5.5 tu, ya chini kuliko zote! Magazeti ya Kampala yakafurahi, Uganda nchi yenye mazoezi kuliko zote duniani. Sisi tulicheka kidogo, maana tunajua mazoezi hayo ni yapi. Ni jembe. Ni jerikani la lita ishirini. Ni kuni. Wengi katika hiyo asilimia 94 hawajawahi kuvaa raba za kukimbilia. Na Kuwait si kwamba watu ni wavivu. Kuna joto kali, kuna magari, na kuna wafanyakazi wa kutoka nje wanaobeba na kufagia, wengine ni dada zetu wa Uganda na Kenya. Karagwe ya Rumanika tena, ila na kiyoyozi.

Lakini msifurahi haraka. Utafiti mwingine wa Uganda nzima, wa 2014, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na wengi wao hawakujua. Nchi ile ile inayotembea kuliko zote. Kwa hiyo miguu peke yake haitoshi. Kuna chumvi, kuna mafuta ya kukaangia yanayotumika mara tano, kuna pombe, kuna usingizi mbovu na mawazo. Na kuna njaa ya zamani. Uholanzi walifuatilia watoto ambao mama zao walikuwa na mimba wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945. Watoto hao walipokuwa watu wazima, miili yao ilikuwa na shida zaidi na sukari. Wengi wetu tulizaliwa au tulibebwa mimba porini. Hilo halimo kwenye fomu yoyote tuliyowahi kujaza.

Mbale ni hadithi nyingine, na twende haraka maana makala inakuwa ndefu. Pale mjini chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, maisha ni ya kupanda na kushuka. Bagisu wana matoke, wana maharage, wana malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Kahawa yao ya arabika inashuka mlimani kwa mgongo au kwa punda. Mwaka wa imbalu, ambao ni mwaka wa namba shufwa, vijana wanaotahiriwa wanacheza na kukimbia kijiji hadi kijiji siku nyingi kabla ya kisu. Ukitaka kujua mlima unafanya nini kwa mapafu, panda kaskazini kidogo mpaka Kapchorwa, alikotoka Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012, na Joshua Cheptegei baada yake.

Mlima huo pia unaanguka. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka Bududa, jirani na Mbale, ukafukia watu wengi wa kijiji cha Nametsi. Serikali ikawahamisha maelfu ya walionusurika mpaka Kiryandongo, mamia ya kilomita, wakapewa ardhi tambarare karibu kabisa na makazi ya wakimbizi. Watu wa migomba na miteremko wakaambiwa walime mahindi kwenye jua. Baadhi ya vijana wetu walisoma nao shule moja huko. Walitusimulia kwamba wazee wao walilalamika vitu viwili kila siku: matoke hakuna, na miguu inauma kwa kutopanda. Tulidhani la pili ni utani. Familia nyingine zilirudi Bududa, chini ya mlima ule ule ulioua ndugu zao. Maofisa walishangaa. Sisi hatushangai sana tena.

Na Jinja yetu? Viwanda vingi vilikufa baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi 1972. Miaka hiyo hata sukari ilikuwa ya kutafuta, ndani ya mji wa sukari. Wahindi walikuwa wameshaacha chapati. Basoga wakaichukua, wakaikunja na yai ndani, na watu wanasema rolex ya Kampala ilianzia mikononi mwa vijana wa Busoga. Kula pembeni ya barabara, rahisi, tamu, inashibisha. Kinachotufurahisha ni kuona wasichana wanaila na mayai mawili, maana zamani huku mwanamke alikatazwa mayai na kuku. Hapo chakula cha mjini kimeleta haki, tusikiseme vibaya tu. Lakini mtu anayeshinda na chapati na mafuta, halafu boda boda inamfikisha mlangoni, hesabu yake inajulikana.

Tulirudi kwa mama wetu wa Fizi na maswali tofauti. Hatukumuuliza anakula kiasi gani. Tulimuuliza siku yake ilikuwaje kule nyumbani na ikoje hapa. Kule: anaamka, anapanda shambani mwendo wa saa nzima, analima mihogo, anarudi na sombe na kuni, bugali na samaki wa ziwa Tanganyika. Alikuwa mwembamba, anasema watu walimwita fito. Hapa: anaamka saa kumi usiku, anakanda unga, anakaa kwenye kigoda mbele ya moto mpaka saa mbili usiku. Mchana anakunywa chai yenye sukari nyingi kuondoa njaa. Jioni anakula chapati zilizobaki, zile ambazo hazikununuliwa, kwa sababu kuzitupa hawezi na kununua maharage hawezi. Hana shamba. Ana miaka tisa hajalima. Analala saa tano, kama analala.

Mnene, na anakula mara moja kwa siku. Alikuwa anatuambia ukweli mtupu.

Tulipeleka jina lake kwenye lile shirika, tukaeleza kwamba kosa ni letu. Awamu hiyo ilikuwa imefungwa. Tumeacha kuandika neno "hali ya mwili" kwenye daftari. Tunaandika amekula nini jana na nani alikipika, analima wapi, anatembea kwenda wapi, na tunapima presha kama kifaa kipo. Jirani yake Msoga amempa kipande cha ardhi nyuma ya choo, hatua kama kumi kwa sita. Amepanda lenga-lenga na maharage. Alituomba mbegu za sombe na tunazitafuta, mwenye nazo atuandikie hapa chini. Dawa ya presha anaipata mwezi ikiwepo, mwezi usio nayo anasubiri, na awamu mpya ya unga bado haijatangazwa.